Kumi na Sita kwa Dakika

Craig Kucera aliandika kumi na sita bila kuhesabu. Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, ghorofa ya tano, chumba cha Bibi Arlene Vondra, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza kwenye ngazi za gereji yake. Mashine ilikwishampa Craig mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto la mwili na oksijeni. Ilibaki idadi ya pumzi, na hiyo pale wodini haikuwa na mashine. Ilibidi usimame umtazame mgonjwa kifuani dakika nzima, uhesabu kinavyopanda na kushuka. Dakika nzima ni ndefu kuliko unavyodhani, jaribu mwenyewe. Bibi alikuwa amelala, uso umetulia, na kengele ya chumba cha pili ilikuwa inalia. Craig akatazama alichoandika mwenzake wa asubuhi, kumi na sita, naye akaandika kumi na sita, akatoka.

Ningependa kusema kwamba alikuwa peke yake. Lakini ukifungua kumbukumbu za wodi ile, karibu kila mtu alipumua mara kumi na sita: aliyepasuliwa tumbo, aliyevunjika mguu, aliyekuja kwa kisukari. Mara mojamoja, kwa kubadilisha ladha, kumi na nane.

Saa sita na nusu bibi aliamka akilalamika maumivu. Muuguzi wake, Trisha Bohl, akafungua kompyuta, akaiona ile kumi na sita, akampa sindano nyingine ya mofini, dawa ya maumivu inayopunguza pumzi. Hakukosea, maana namba ilimruhusu. Saa saba na dakika ishirini msaidizi aliyeleta supu akamkuta bibi midomo imegeuka rangi. Alikuwa anapumua mara sita kwa dakika. Watu saba wakaja mbio, wakamchoma dawa ya kumzindua, na Bibi Arlene akafumbua macho, akauliza ni mjinga gani aliyemwamsha. Wote wakacheka, kama wanavyocheka walioponea chupuchupu.

Craig hakucheka. Alisimama mlangoni na swali moja likimzunguka kichwani: saa sita mchana, nilipokuwa nimesimama pale, alikuwa anapumua mara ngapi?

Saa tisa wanafunzi wanane walikusanyika kwenye chumba kidogo cha mwisho wa korido, mbele ya mwalimu wao wa wodini, Bi. Beverly Tillman, mama wa miaka sitini na miwili aliyeuguza watu tangu kabla ya baadhi yao kuzaliwa. Hawakuwa watoto wa shule. Kila mmoja alikuwa na shahada yake ya zamani isiyohusiana na tiba. Mmoja alifundisha Kilatini, mmoja alikuwa wakili, mmoja alipiga filimbi kwenye okestra. Craig, miaka arobaini na sita, alikuwa mkaguzi wa madai ya bima. Chuo kiliwachukua jinsi walivyo na kuahidi kuwatoa baada ya miezi ishirini wakiwa wauguzi wenye shahada ya uzamili. Wauguzi wa wodini waliwaita maprofesa, na jina hilo halikuwa la heshima. "Profesa, umewahi kutandika kitanda chenye mtu ndani?" Trisha alimuuliza Craig siku ya kwanza. Hakuwahi, na binti huyo wa miaka ishirini na mbili ndiye aliyemfundisha, mbele ya watu.

"Bibi Vondra," Bi. Tillman alisema. "Pumzi zake saa sita mchana zilikuwa ngapi?"

"Kumi na sita," Craig alijibu.

"Sawa." Mwalimu akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Basi sasa alikuwa ameisema pia kwa mdomo.

*

Nyumbani, kusini mwa jiji la Omaha, walikula saa kumi na mbili kasoro. Mke wake, Jolene, alikuwa ameleta runza za dukani, mikate ya moto yenye nyama na kabichi ndani, kwa sababu alitoka kazini amechoka. Siku za kazi alipokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na tangu Craig aanze masomo aliongeza Jumamosi kwenye duka la rangi. Baba yake Jolene, mzee Norbert, aliishi nao. Alifanya kazi machinjioni miaka thelathini na minne, na alikuwa hajaumaliza utani wake kuhusu mkwe aliyeacha kazi ya kuvaa tai ili akaogeshe watu.

"Nesi!" alisema. "Leo umemwaga mikojo ya wangapi?"

"Baba, tunakula," Jolene akasema.

"Nauliza tu. Mtu akilipa dola elfu sitini na nane kusomea jambo, mimi nataka kujua anajifunza nini."

Craig aliacha kula. Alikuwa anamtazama mzee kifuani.

"Unanitazama nini?"

"Nahesabu unavyopumua. Nyamaza kidogo."

"Mimi sipumui nikinyamaza."

Jolene alicheka, kisha akauona uso wa mume wake, akaacha kucheka. "Kuna nini, Craig?"

Akawaeleza. Aliwaeleza alivyozoea kuwaeleza wenye nyumba walioezuliwa mapaa, kwa mpangilio, saa kwa saa, bila kujipamba. Alipofika kwenye midomo ya bibi, Norbert aliweka mkate wake chini.

"Lakini yuko salama," Jolene alisema.

"Yuko salama."

"Na nani anajua?"

"Mimi. Sasa na ninyi."

"Basi imeisha." Aliifuta meza mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Kesho ukahesabu. Kuanzia kesho hesabu kila mtu, wahesabu hata wapita njia. Lakini imeisha."

"Jolene, miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa hii. Napanda paa, nachora mraba kwa chaki, nahesabu mashimo ya mvua ya mawe ndani ya mraba. Mtu akiniletea madai yenye namba zinazolingana mno, najua hakuhesabu. Ninajua kabla hata sijapanda ngazi. Nimewanyima watu mapaa kwa sababu hiyo." Alikuwa anaongea polepole, kama anayesoma kitu kwa mara ya kwanza. "Na leo sikusikia chochote. Mkono uliandika tu. Ninachotaka kujua ni hicho: uliandikaje?"

"Mimi sitaki kujua. Mimi nataka umalize. Imebaki miezi saba. Pikapu tumeuza. Jumamosi nasimama kwa saa nane nikichanganya rangi za watu wasiojua wanataka rangi gani. Ukisema watakufukuza?"

"Wanaweza."

"Basi usinifanyie hivyo. Usijinunulie utakatifu kwa Jumamosi zangu."

Hilo lilimchoma, na Jolene aliona limemchoma, wala hakulirudisha. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na haki. Craig alimgeukia mzee, labda akitafuta mtu wa kumzomea ili mambo yarudi kama kawaida.

"Machinjioni tulikuwa na mkaguzi," Norbert alisema. "Siku za pilikapilika alikuwa anagonga muhuri bila kuitazama nyama. Sote tulimwona. Jioni tunanunua nyama ileile, tunakula."

"Kwa hiyo nikaseme?"

"Sijasema ukaseme. Nimesema tulikula." Akaurudia mkate wake. "Huyo Vondra, ni wa kina Vondra wa Mtaa wa Kumi na Tatu?"

"Sijui, mzee."

"Ungemuuliza."

*

Jumatano asubuhi Bi. Tillman alikuwa ofisini anakula uji wa shayiri kwenye kikombe. Alimsikiliza Craig mpaka mwisho bila kukiweka kikombe chini.

"Jana nilikuuliza mbele ya wenzako. Ukasema kumi na sita."

"Ndicho nilichoandika."

"Sikukuuliza uliandika nini. Nilikuuliza zilikuwa ngapi."

"Ndiyo, Mwalimu. Nilikudanganya."

"Kwa nini unaniambia leo?"

Craig alifikiri. Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. "Kwa sababu nataka kujua ilitokeaje, na siwezi kuichunguza huku nimeificha."

Bi. Tillman alikiweka kikombe chini. Wapo watakaodhani alimpenda kwa jibu hilo. Hapana, alikasirika. Alikuwa na hasira na Craig na hasira nyingine ya zamani ambayo Craig hakuhusika nayo. Alinyoosha mkono, na Craig akakivua kitambulisho chenye picha yake na neno MWANAFUNZI, akampa.

"Kuanzia sasa humgusi mgonjwa na huandiki kitu chochote kwenye hospitali hii. Kesho saa nne utakaa mbele ya kamati. Nenda nyumbani."

Penye lifti alimkuta Trisha Bohl, mikono imekunjwa kifuani. Habari hutembea haraka wodini kuliko wagonjwa.

"Umeenda kuungama, profesa? Na mimi umenitaja?"

"Sijakutaja."

"Usinidanganye. Wiki ya kwanza nilikuambia nini?"

"Uliniambia mtu mzima asiye na shida ni kumi na sita, nisipoteze muda."

Trisha alitazama nyuma kwanza. "Nilikuwa na wagonjwa saba siku ile. Saba, Craig!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Jana nilimpa ile sindano kwa mkono wangu. Usiku kucha namwona. Wakikuuliza nani alikufundisha, utasema nini?"

"Nitasema kalamu nilishika mimi."

Trisha alifuta macho kwa kiganja, akarudi kazini bila kusema asante. Siku hiyo, wasaidizi walisema baadaye, aliingia kila chumba, akasimama na saa mkononi mpaka dakika ikaisha, na chakula cha mchana cha watu kikapoa.

*

Kamati ilikaa ghorofa ya chini ya hospitali, watu watatu: mkuu wa programu, Bi. Tillman mwenyewe, na Dokta Haskell, mwanamume mpole mwenye fulana ya sufu aliyefundisha takwimu. Meza ilikuwa na maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Jolene alimleta kwa gari, akabaki kwenye maegesho. Alisema hataki kungoja koridoni kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Ni mara ngapi zaidi?" aliuliza mkuu wa programu.

Mtu mwenye akili timamu angejibu: mara hiyo tu. Wakili wao darasani alikuwa amempigia simu jana yake kumshauri hivyo. Lakini Craig alikwishatoa daftari lake la mazoezi, lile ambalo kila mwanafunzi huandika vipimo alivyochukua bila majina ya wagonjwa, na ndani yake alikuwa amebandika karatasi.

"Nimepitia muhula wote. Nimepima pumzi mara mia moja na kumi na mbili. Sitini na moja ni kumi na sita."

Dokta Haskell alisogeza kiti.

"Kati ya hizo sitini na moja," Craig aliendelea, "kama ishirini nakumbuka nilihesabu. Wiki mbili za mwanzo nilihesabu zote, tazameni: kumi na tatu, ishirini na moja, kumi na saba, zimetawanyika. Halafu wiki ya tatu zinaanza kujipanga. Sikumbuki siku niliyoamua. Nimeitafuta hiyo siku. Haimo."

"Nani alikufundisha kuandika kumi na sita?" aliuliza mkuu wa programu.

"Kalamu nilishika mimi."

"Sikuuliza hilo."

"Najua. Hilo ndilo jibu nililonalo."

Bi. Tillman alitazama maji. Dokta Haskell, ambaye hakuwahi kushika mgonjwa maishani, alikuwa ameichukua ile karatasi na kidole chake kilikuwa kinatembea juu yake taratibu. "Je," alisema, zaidi kwa nafsi yake, "tukiwaomba wanafunzi wote madaftari yao?" Mkuu wa programu alimwomba Craig asubiri nje.

Alisubiri dakika arobaini. Alipoitwa, mambo yalikuwa mafupi. Amefeli mazoezi ya muhula. Msaada wa ada aliokuwa anapata umefutwa. Januari anaweza kuomba kurudia muhula wote, kwa gharama yake, dola elfu kumi na moja, mara moja tu, na kamati itaamua kama itampokea. Mpaka hapo si mwanafunzi wa programu. Walimpa barua, na mkuu wa programu akamshika mkono kwa huruma ya kweli, jambo lililomuumiza kuliko barua.

*

Jolene aliisoma barua mara mbili, imeegemezwa kwenye usukani.

"Elfu kumi na moja."

"Ndiyo."

"Na wanaweza kukukataa."

"Ndiyo."

Alikuwa amekasirika na machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anayafuta kwa hasira hiyohiyo. Aliwasha gari, akalizima.

"Huyo bibi anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba hukuhesabu. Yeye ndiye aliyekuwa anakufa. Umemwambia mwalimu, kamati, mimi, baba yangu na kabichi mdomoni. Yeye umemwambia?"

"Hapana. Hospitali ina utaratibu wake, watamtuma mtu."

"Watamtuma mtu mwenye suti." Jolene aliikunja barua, akaiweka kwenye mkoba wake, siyo kwenye ule wa Craig. "Tumeinunua kweli hii kwa bei ghali sana, Craig. Angalau aipate mwenyewe. Shuka."

"Sina kitambulisho. Siruhusiwi kupanda ghorofa ya tano."

"Kamwombe mwalimu wako. Mwambie mkeo amekufungia nje ya gari." Akabonyeza kitufe, milango ikajifunga pindi tu Craig aliposhuka.

Bi. Tillman alikuwa bado koridoni. Alilisikia ombi, akapiga simu mbili. Ya pili ilikuwa ndefu, na mara kadhaa alisema, "Nitakuwapo mimi mwenyewe." Kisha akampa Craig kibandiko cha wageni, kile cha karatasi, akambandika kifuani kwa mkono wake, na wakapanda pamoja.

Bibi Arlene alikuwa ameketi kitandani na kalamu, anajaza mafumbo ya gazeti. Alikuwa msusi miaka hamsini, na kitu cha kwanza alichotazama kilikuwa kichwa cha Craig.

"Nani anakukata nywele? Amekuonea."

"Mke wangu, bibi."

"Basi umemuudhi. Kaa."

Craig hakukaa. "Bibi Vondra, Jumanne saa sita mchana niliingia humu ukiwa umelala. Niliandika kwamba unapumua mara kumi na sita kwa dakika. Sikuhesabu. Nilibuni."

Bibi aliweka gazeti chini. "Ndiyo maana wakanidunga ile sindano iliyotaka kunimaliza?"

"Waliamini uko salama kwa sababu ya namba yangu. Ndiyo."

"Na kweli nilikuwa napumua mara ngapi?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Hakuna. Hakuna atakayejua."

Aliyapokea hayo kwa utulivu, lakini mikono yake ilianza kuvuta shuka. Aliogopa sasa, siku mbili baada ya hatari. Craig alitamani kusema pole na hakuthubutu, kwa kuona ni neno dogo mno. Mwisho akalisema hivyohivyo, dogo lilivyo. Bibi akatikisa kichwa, si kwa kukataa wala kwa kukubali.

"Miaka themanini na moja napumua," alisema, "na sijawahi kuuliza ni mara ngapi. Ajabu, eh? Sasa hivi ni ngapi?"

Craig alimgeukia Bi. Tillman. Mwalimu alivuta kiti, akakiweka kando ya kitanda, akarudi ukutani.

"Ukinitazama nitapumua vibaya," Bibi Arlene alisema.

"Sikutazami. Nitakushika mkono kama napima mapigo. Wewe tazama dirishani."

Alimshika. Saa ya ukutani ilikuwa na mkono wa sekunde. Mwanzoni bibi alijikaza, akacheka kidogo, ikabidi Craig aanze upya. Kisha akatulia, akiitazama mitambo ya hewa juu ya paa la jengo la pili, na kifua chake kikaanza kwenda chenyewe, kikipanda, kikikawia, kikishuka. Nje kengele ya mtu ililia, ikaendelea kulia. Craig hakunyanyua macho mpaka mkono wa sekunde ulipozunguka wote.

"Kumi na nne," alisema.

"Kumi na nne." Bibi alikuwa kama aliyeambiwa jambo jema kuhusu nafsi yake. "Ni nzuri?"

"Nzuri kabisa."

"Basi iandike."

Craig aliutua mkono wake taratibu juu ya shuka. "Siwezi, bibi. Siruhusiwi kuandika humu."

Bibi Arlene alimtazama Bi. Tillman, ambaye alikuwa ameyaelekeza macho sakafuni. Kisha bibi akavuta ile karatasi ya kuchagulia chakula cha jioni, akaigeuza, akaandika 14 kubwa kwa kalamu yake ya mafumbo. Akaitazama saa, akaandika na saa. Walikwishamzoeza siku zile, alijua kwamba namba haikamiliki bila saa na jina.

"Aliyehesabu?"

"Craig Kucera."

Aliandika pole pole, jina lote. Kisha akanyanyua kalamu. "Na cheo?"

"Weka jina tu, bibi," Craig alisema.